Meneja ananiruka na kuwaagiza vijana wangu moja kwa moja, kosa likitokea barua naandikiwa mimi. Hapa mamlaka ni ya nani?

zamu_ya_alfajiri

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi na sitaki kulipeleka kazini nikiwa na hasira.

Mimi ni supavaiza wa zamu kwenye ghala, nina watu 11 chini yangu, huu mwezi wa nne tangu nipandishwe. Kabla ya hapo nilikuwa mpakiaji kama wao kwa miaka mitano kwa hiyo kazi naijua toka chini kabisa. Juu yangu kuna meneja wa ghala, juu yake kuna mkurugenzi wa uendeshaji. Kwenye karatasi imekaa vizuri, hata chati ya muundo imebandikwa ukutani, kisanduku changu kiko pale na mishale 11 inashuka.

Sasa juzi Jumanne alfajiri lori la kwanza liko mlangoni, nimeshapanga mzigo, nimeshasaini karatasi, kijana wangu yuko kwenye foklifti ana paleti hewani. Meneja akaingia kwa mlango wa pembeni simu iko sikioni akamwambia shusha hiyo, weka zile mbili za kule nyuma kwanza, mteja ananipigia. Mimi nilikuwa hatua kama ishirini hivi na karatasi mkononi. Yule kijana akaniangalia mimi, akamwangalia meneja, akaniangalia tena mimi, akashusha. Lori likaondoka na paleti mbili za mteja mwingine kabisa, karatasi inasema hiki ndani kuna kile, na jioni nikakabidhiwa barua nieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu. Mimi ndo nimesaini.

Halafu kuna mtu wa ubora. Huyu si bosi wangu na mimi si bosi wake, ila akisema mzigo huu hautoki basi hautoki. Meneja anasema utoke. Vijana wanasimama wanangoja waone nani ana sauti kubwa zaidi.

Swali langu ni kwamba hivi kweli mamlaka inapangwaje kwenye taasisi yenye ngazi? Maana naona nimepewa lawama zote za cheo lakini cheo chenyewe kiko mfukoni mwa mtu mwingine. Na je nikimwambia meneja asiniruke nitakuwa nimemkosea adabu? Yeye si ndo mkubwa wangu, si ana haki ya kumwagiza yeyote aliye chini?

---

koplo_mstaafu

Mdogo wangu pole sana. Nimetumika jeshini miaka mingi, nimestaafu, na hili swali lako ni la siku ya kwanza kabisa depoti ingawa watu wengi wanafika vyeo vikubwa hawajalielewa.

Watu wa nje wakiona jeshi wanadhani ni mkubwa kumwamuru yeyote aliye mdogo. Siyo hivyo. Kamanda wa kombania ana watu mia na kitu chini yake lakini wale anaozungumza nao kikazi ni wachache, makamanda wake wa platuni watatu au wanne na wasaidizi wake wa karibu. Kamanda wa platuni naye ana makamanda wa seksheni watatu hivi, na wa seksheni ana watu kama kumi. Kila mtu anaongoza watu anaoweza kuwaona na kuwajua majina. Na hili si jambo la juzi, jeshi la Warumi lilikuwa na kundi la watu 8 wanaolala hema moja, makundi 10 yanafanya senturia ya watu 80 chini ya akida wao mmoja. Hata Musa kwenye Maandiko alikuwa anakaa toka asubuhi hadi jioni anaamua kesi za watu wote peke yake, mpaka mkwewe Yethro akamwambia utachoka wewe na hawa watu, weka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wewe baki na yale mazito. Hiyo hadithi mimi naipenda sana kwa sababu tatizo la Musa halikuwa kukosa mamlaka. Alikuwa nayo yote, na ndo iliyokuwa inamwelemea.

Sasa turudi kwa meneja wako. Kanuni ya amri kugongana inajulikana, ukipewa amri na mkubwa wa juu inayopingana na ile uliyopewa na kamanda wako wa karibu, unamwambia palepale "afande, nimeshapewa amri hii na kamanda wangu." Akisisitiza, unatekeleza ya kwake, wajibu wa matokeo unahamia kwake, na wewe unaenda kumjulisha kamanda wako mara moja. Hatua tatu tu, kusema, kutekeleza, kujulisha. Ukiangalia kisa chako yule kijana wa foklifti alitekeleza tu. Hakusema na hakujulisha. Wala sio kosa lake, hajawahi kufundishwa, na hilo la kumfundisha ni lako wewe.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa meneja, keti na vijana wako 11 dakika kumi tu mwanzo wa zamu uwaambie hili.

---

dada_wa_mafaili

Nimesoma uongozi chuoni na nimefanya kazi ofisi za utawala zaidi ya miaka kumi, niongeze kidogo kwenye maelezo mazuri ya koplo.

Hilo unaloliona wewe Jumanne alfajiri lilishaandikwa miaka zaidi ya 160 iliyopita na natamani ungelikata ulibandike pale kwenye chati. Kulikuwa na jamaa anaitwa Daniel McCallum, msimamizi mkuu wa reli ya New York and Erie huko Marekani. Hiyo reli ilikuwa ndefu, karibu maili 500, na wakubwa wakagundua kwamba reli fupi mtu mmoja anaweza kuiangalia kwa macho yake lakini hii ndefu haiwezekani, treni ziko mbali na kila kosa ni ajali. Mwaka 1855 akachorewa chati ya muundo inayotajwa kama moja ya za kwanza kabisa, na imechorwa kama mti, bodi ya wakurugenzi iko chini kwenye mizizi, matawi ndo wafanyakazi. Halafu kwenye ripoti yake ya 1856 akaandika kwamba walio chini waagizwe na mkubwa wao wa karibu peke yake, kwa sababu utii hauwezi kusimamishwa pale ambapo mnyapara aliyekabidhiwa watu anaingiliwa na mkubwa anayewaagiza watu wake moja kwa moja. Ona vizuri hiyo sababu. Haongelei heshima ya mnyapara, wala haongelei kuumia kwake. Anasema utii wenyewe unakufa, na kampuni nzima ndo inayopoteza.

Miaka 60 baadaye Mfaransa Henri Fayol, huyu alikuwa mhandisi wa migodi akapanda mpaka akaongoza kampuni nzima ya madini toka 1888, akaandika mambo yake mwaka 1916 na humo ndo tunapata ile kanuni ya umoja wa amri, yaani kwa kazi moja mtu apokee amri kwa mkubwa mmoja. Wahenga wetu walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, ni kitu hichohicho. Na Fayol akaweka nyingine ambayo ndo inakuhusu zaidi, kwamba mamlaka na uwajibikaji vinatembea pamoja. Huwezi kumdai mtu hesabu ya kitu ambacho hukumpa nguvu ya kukiamua. Wewe ulisaini karatasi, maana yake wewe ndo uliamua nini kinapanda lori. Dakika ile meneja alipobadilisha mzigo, uamuzi ukawa wake na saini ikabaki yako. Barua yako ya kujieleza andika hilo, kwa utulivu, na saa na dakika.

Kuhusu mtu wa ubora hapo kuna kitu watu wanachanganya sana. Kuna mamlaka ya mstari, ile ya mshale unaoshuka, bosi anakupangia kazi, anakupima, anakuruhusu likizo. Na kuna mamlaka ya kitaalamu ambayo mtu anapewa juu ya jambo moja tu, bila kuwa bosi wa yeyote. Mtu wa ubora hawezi kukwambia uanze na lori lipi wala nani aingie zamu. Ila kwenye lile jambo moja la mzigo kuwa salama au kutokuwa salama, kazuio lake linamfunga hata meneja, mpaka aliye juu yao wote wawili aseme vingine. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani, miaka ya mwanzoni mwa 1900 alijaribu kulipeleka hili mbali mno, akataka kila mfanyakazi awe na wanyapara wanane, wanne wa ofisi ya mipango na wanne wa karakana, mmoja wa kasi, mmoja wa ukarabati, mmoja wa ukaguzi na kadhalika. Kichwani inavutia, kila mtu atakuwa mtaalamu. Fayol akaipinga, na mimi nafikiri alikuwa sahihi, maana fikiria wewe ndo fundi una wakubwa wanane na watatu kati yao wamekuja asubuhi moja kila mmoja na lake.

Kwa hiyo muulize meneja kwa maandishi: nani ana neno la mwisho kuzuia mzigo? Jibu likiwepo kwenye karatasi vijana wataacha kusubiri mwenye sauti kubwa.

---

nyundo_na_spana

Samahanini nitaenda kinyume kidogo. Mnamwambia huyu kaka ngazi ngazi ngazi. Mimi nimefanya kazi mitamboni na ngazi karibu iniue.

Sehemu niliyokuwa (sitaitaja) kulikuwa na utaratibu kwamba fundi anamwambia msimamizi tu, msimamizi anamwambia mhandisi, mhandisi anamwambia meneja. Kuna vali moja ilikuwa inavuja mvuke kidogo, nikamwambia msimamizi wangu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikaandika kwenye daftari la zamu. Msimamizi hakupeleka kwa sababu alikuwa ameshasema juu kwamba kila kitu kiko sawa na hakutaka kurudi kusema vingine. Siku ilipofunguka nilikuwa nimeinama pembeni yake, mvuke ukapita juu ya bega. Kovu ninalo. Na meneja mkuu alipokuja alishangaa kabisa, na nilimwamini, kwa sababu kweli hakuna aliyemfikishia.

Ndo maana nikisikia mtu anasema kila kitu kipite kwa bosi wa karibu roho inashtuka. Angalieni Challenger, kile chombo cha anga za juu cha Marekani, tarehe 28 Januari 1986. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi wa kampuni iliyotengeneza zile roketi za pembeni walisema msirushe, kuna baridi sana, mipira ya kuzibia maungio haitafanya kazi vizuri chini ya nyuzi 53 za Farenhaiti, yaani kama 12 za Selsiasi. Wakabishana kwa simu na watu wa NASA, shirika la anga la Marekani. Mwisho mkubwa mmoja wa hiyo kampuni akamwambia mkuu wa wahandisi avue kofia ya uhandisi avae ya umeneja. Wakabadilisha msimamo. Asubuhi ikarushwa, sekunde 73, watu saba wamekufa. Na tume iliyochunguza ikakuta kwamba wale waliotoa uamuzi wa mwisho wa kurusha hawakujua kabisa kwamba kulikuwa na mapendekezo ya kutorusha. Hiyo habari ilikufa katikati ya ngazi, haikufika juu.

Au uwanja wa ndege wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, 1977, ndege mbili kubwa zinagongana kwenye njia ya kurukia, watu 583. Mhandisi wa ndege iliyokuwa inaanza kuruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Aliuliza. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa kwenye kampuni yake, akamjibu kwa uhakika kwamba ndiyo, na yule mhandisi akanyamaza. Kabla sekunde nyingi hazijapita wamegongana.

Kwa hiyo sikatai maneno ya dada na koplo, ila nataka iandikwe wazi kwamba njia ya amri na njia ya habari si moja. Amri ishuke kwa ngazi sawa. Ila habari ya hatari ipande kwa njia yoyote inayofika haraka, hata ikibidi kumruka msimamizi. Toyota mfanyakazi yeyote wa kwenye mstari wa kuunda magari anavuta kamba au kubonyeza kitufe akiona kasoro, hamuombi mtu ruhusa. Huyo ni mtu wa chini kabisa kwenye chati na kwa jambo lile moja mkono wake unaweza kusimamisha mstari mzima.

---

koplo_mstaafu

@nyundo_na_spana pole kwa hilo kovu kaka, na uko sahihi. Hata sisi taarifa ya adui haisubiri foleni, mlinzi akiona kitu anapiga kelele hapohapo. Nilipaswa kulisema hilo.

---

dada_wa_mafaili

Nyundo nakubaliana na wewe kabisa na hata Fayol mwenyewe aliliona. Alisema ukiwa na tawi mbili, mtu wa chini wa tawi hili akitaka jambo kwa mwenzake wa tawi lile, kama atapanda ngazi zote mpaka kileleni kisha ashuke upande wa pili itachukua siku. Akapendekeza waweke daraja katikati, waongee wenyewe, mradi wakubwa wao wamekubali na wanajulishwa walichokubaliana. Watu wanamsoma nusu wanadhani alikuwa anaabudu ngazi.

---

zamu_ya_alfajiri

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili. Nyundo hiyo ya kwako imenigusa kwa sababu nimejiuliza kama kuna kijana wangu ananiambia kitu na mimi sikipeleki. Kuna mmoja amelalamikia breki za foklifti wiki mbili zilizopita, nilisema nitaangalia. Kesho asubuhi naanza na hiyo.

Ila bado sijajua namna ya kumwambia meneja. Ni mtu mzima, ndo aliyenipendekeza nipande, na naogopa aone nimeota pembe. Nilikuwa nafikiria nimpelekee mkurugenzi barua.

---

ofisa_utumishi_2

Usimpelekee mkurugenzi barua! Kwanza utakuwa umemfanyia meneja kilekile unacholalamika amekufanyia wewe, yaani kuruka. Mkurugenzi ni hatua ya mwisho kama meneja amekataa kabisa kusikia au kama kuna hatari kama alivyosema nyundo.

Nashughulika na barua za namna hii kila wiki kwa hiyo nikwambie ninachokiona upande wangu wa meza. Mara nyingi sana mtu akipandishwa hapewi orodha ya nini anaamua yeye mwenyewe, nini anaamua halafu anajulisha, na nini lazima aombe kwanza. Anapewa jina la cheo na majukumu, basi. Chukua barua yako ya uteuzi uisome leo. Nina uhakika itakuwa imejaa "atahakikisha", "atasimamia", "atawajibika", na hutaona mahali pameandikwa "ana mamlaka ya". Hicho ndo kiini cha tatizo lako, meneja ni dalili tu.

Kitu kingine watu hawakijui, kukasimu madaraka hakumwondolei mkubwa wajibu. Meneja akikupa wewe madaraka ya kupakia, wewe unawajibika kwake, na yeye bado anawajibika kwa mkurugenzi kwa upakiaji uleule. Hawezi kumwambia mkurugenzi "ni supavaiza". Ndo maana anaingiwa na hofu mteja akipiga simu na anakimbilia ghalani kushika mambo kwa mkono wake. Ukielewa hiyo hofu yake utaongea naye vizuri zaidi. Huyu hakudharau, anaogopa kuulizwa jambo ambalo halioni kwa macho.

Na hao 11 wako nao, hebu fikiria. Kuna mtu anaitwa Graicunas mwaka 1933 alipiga hesabu ya mahusiano ambayo bosi anabeba, si bosi na kila mmoja tu, na wao kwa wao na kwa makundi. Ukiwa na watu 5 ni mahusiano 100, ukiongeza mmoja tu wakawa 6 yanaruka mpaka 222. Kwa hesabu yake watu 11 ni 11,374. Kwenye maisha hakuna anayeyabeba yote hayo, lakini inaonyesha kwa nini ukiongezewa mtu mmoja unahisi kama umeongezewa watano. Omba uwe na viongozi wa kikundi wawili au watatu ndani ya zamu, hata bila nyongeza ya cheo.

Mwisho kuhusu vijana wako. Chester Barnard, huyu aliongoza kampuni ya simu ya New Jersey, aliandika mwaka 1938 kwamba mamlaka haiko kwa anayetoa amri, iko kwa anayeipokea. Mtu anaikubali amri kama ameielewa, kama anaona haipingani na lengo la taasisi, kama haipingani na maslahi yake mwenyewe, na kama anaweza kuitekeleza. Ile sekunde kijana wako alipokuangalia alikuwa anakuuliza wewe, nitii ya nani? Na wewe ulinyamaza. Hatua ishirini si mbali. Sikulaumu, ulikuwa mgeni kwenye cheo na yule ni mkubwa wako, ila pale ndo mamlaka yako ilipohama, mbele ya macho ya watu wote. Wiki ijayo akirudi, tembea zile hatua ishirini.

Maneno ya kumwambia meneja, mimi ningesema hivi, faragha, asubuhi kabla simu hazijaanza: "Mzee, nataka lori litoke sahihi kila siku na wewe usiulizwe. Ukitaka kubadilisha mzigo niite mimi kwa redio, nitaubadilisha ndani ya dakika mbili na karatasi nitaibadilisha palepale. Ukimwambia kijana, karatasi inabaki ya zamani." Hapo hujamwambia asikuruke, umemwambia karatasi itakosewa, na hilo atalisikia.

---

mgeni_humu

Mimi nimepita tu ila niseme nilifanya hivyohivyo kwa bosi wangu, nikaongea naye faragha, akakubali, wiki mbili baadaye akarudia. Nikamkumbusha, akaacha mwezi, akarudia tena. Kwa hiyo usitegemee kuongea mara moja tu.

---

nyundo_na_spana

@ofisa_utumishi_2 hapo kwenye "hatua ishirini si mbali" umenisomea hata mimi. Niliandika daftarini mara ya tatu nikaona nimemaliza wajibu. Ningeweza kuufuata mlango wa mhandisi, ulikuwa ghorofa moja juu.

---

zamu_ya_alfajiri

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, samahani nimechelewa, wiki imekuwa nzito.

Breki za foklifti zilikuwa mbovu kweli, imesimamishwa, imetengenezwa. Yule kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake kwa sababu alinilalamikia mbele yao.

Barua ya uteuzi nimeisoma, ofisa uko sahihi, nimehesabu "atahakikisha" mara saba na neno mamlaka halimo hata mara moja.

Nikaketi na vijana nikawafundisha zile hatua tatu za koplo, kusema, kutekeleza, kujulisha. Mmoja akauliza, na kama wewe ndo unakosea? Nikamwambia kama ni hatari simamisha hata kama ni mimi nimekuagiza, kama si hatari niambie halafu tufanye. Walikaa kimya kidogo, nadhani hawajazoea kuulizwa.

Meneja nimeongea naye Alhamisi. Alisikiliza akiwa ameangalia dirishani, sikujua kama amekasirika. Halafu akasema Jumanne ile mkurugenzi alikuwa amempigia mara tatu kabla ya alfajiri kuhusu mzigo wa yule mteja. Mara tatu, kumbe naye alikuwa anarukwa kutoka juu. Tumekubaliana kwa redio, na kuhusu ubora ameandika mstari mmoja kwa barua pepe kwamba kazuio la mtu wa ubora linaondolewa na mkurugenzi tu. Maelezo yangu nimeyapeleka na saa na dakika kama dada alivyosema. Barua yenyewe hajaifuta, amesema atalifikiria, bado iko kwenye faili langu.

Leo alfajiri ameingia tena kwa mlango uleule na simu sikioni. Kijana alikuwa juu ya foklifti. Meneja akaanza kumwelekea, akanyoosha mkono kabisa, kijana akamwambia kwa sauti "mzee, nimepewa hii na supavaiza." Mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea. Meneja akageuka, akanitafuta kwa macho, akasema lori la pili liende kabla ya la kwanza. Nikabadilisha karatasi, nikasaini upya, nikamwambia kijana shusha.

---

koplo_mstaafu

Safi sana mdogo wangu. Sasa ile barua iliyo kwenye faili usiiache ilale, muulize tena mwisho wa mwezi.